Kuiweka theremini: chumba nacho ni sehemu ya ala

Kuna video fupi inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Mtu amesimama nyuma ya kijisanduku cha mbao. Kuliani mwake umesimama ufito wa chuma, kushotoni umelala kitanzi cha chuma. Mikono yake inaelea hewani, hagusi kitu, na bado wimbo mzima unatoka, kwa sauti iliyo kati ya fidla na mwanamke anayeimba kwa mbali. Chini ya video watu wanabishana. Mmoja anasema huo ni uchawi wa mchana kweupe. Mwingine anasema sauti imepachikwa baadaye. Wa tatu anaapa kwamba ndani ya sanduku kuna kamera inayofuata vidole. Wote watatu wamekosea. Ala ile ina zaidi ya miaka mia moja.

Upo na mkanganyiko wa pili, ambao unaniuma zaidi, kwa sababu unawapata watu walioipenda hadi wakaitafuta. Wanaifungua kwenye boksi, wanakaza antena mbili, wanachomeka umeme, na kinachotoka ni mlio mmoja wa king'ora usiojali mkono unakwenda wapi. Wanahitimisha kwamba ala ni mbovu, au kwamba wao hawana sikio la muziki. Rafiki yangu mpiga fidla aliletewa moja na ndugu yake kutoka Ujerumani, na jioni ile ile akanipigia simu: "Njoo uitazame, kaka, naona imefia njiani." Nilipofika niliikuta nzima kabisa. Ilikuwa juu ya meza ya chuma, imekaribia kugusana na dirisha lenye nondo, na watu watatu wameizunguka kama wanaota moto. Kilichokuwa hakijaungwa ni chumba.

Tuanze na majina. Theremini ni ala ya umeme inayopigwa bila kuguswa. Ule ufito uliosimama ni antena ya noti: mkono wa kulia ukiusogelea, sauti inapanda na kuwa nyembamba, ukijitenga nao, inashuka na kuwa nene. Kile kitanzi kilicholala ni antena ya nguvu ya sauti: mkono wa kushoto ukikishukia, sauti inafifia hadi kimya, ukinyanyuka, inakua. Neno antena lisikupoteze. Hapa halina maana ya kunasa matangazo. Ni kipande cha chuma kinachohisi mkono uko umbali gani, basi.

Jina limetokana na Lev Termen, mwanafizikia Mrusi aliyezaliwa St Petersburg mwaka 1896, ambaye nchi za Magharibi zilimzoea kama Léon Theremin. Karibu na mwaka 1920 alikuwa kwenye taasisi ya fizikia ya Abram Ioffe, katika mji huo huo uliokuwa ukiitwa Petrograd, akitengeneza chombo cha kupima tabia za gesi. Chombo kilitoa mlio, na mlio ulibadilika kila alipousogeza mkono. Fundi mwingine angeona hitilafu akatafuta namna ya kuiondoa. Termen alikuwa pia mpiga selo, ile fidla kubwa inayopigwa kwa kukaa, akasikia ala. Mwaka 1922 aliionyesha mbele ya Lenin, ambaye alitaka kuijaribu kwa mikono yake mwenyewe. Mwaka 1928 akapewa hataza nchini Marekani, na kampuni ya RCA ikatengeneza kama 500 za kuuza. Warusi bado wanaiita termenvoks, yaani sauti ya Termen.

Sasa, mkono unasikikaje bila kugusa? Jibu unalo mfukoni. Gusa kioo cha simu kwa kidole, kinaitika. Kiguse kwa kijiti kikavu, hakiitiki hata ukikandamiza. Simu haipimi uzito wa kidole. Mwili wako umejaa maji na chumvi, kwa hiyo unapitisha umeme, na kidole kinapokaribia kinabadilisha kiasi cha chaji kinachoweza kushikwa na nyuzi nyembamba zilizo chini ya kioo. Uwezo huo wa vitu viwili vilivyokaribiana kushika chaji baina yao unaitwa kapasitansi, na ndiyo kazi ya zile kapasita ambazo mafundi redio hubadilisha kila siku. Theremini ni ndugu ya kioo cha simu, ila yenyewe haingoji kuguswa. Antena ni sahani moja ya kapasita, mwili wako ni sahani ya pili, hewa iko katikati.

Tatizo ni kwamba badiliko lenyewe ni dogo kupita kiasi. Mkono unaotembea hewani kutoka noti hadi noti hubadilisha kapasitansi kwa kadiri ya pikofaradi moja au pungufu, na pikofaradi ni sehemu moja ya trilioni ya faradi. Utaligeuzaje jambo dogo hivyo kuwa muziki wa kujaza ukumbi?

Hebu fikiria foleni ya magari jioni. Mbele yako yamesimama magari mawili, yote yamewasha indiketa ya kulia. Ukitazama kwa makini, taa zinawaka pamoja, kisha zinaanza kupishana, kisha zinapokezana kabisa, halafu zinarudi kuwaka pamoja. Kama moja inawaka mara 60 kwa dakika na ya pili mara 63, zitakutana mara 3 kwa dakika. Huhitaji kuhesabu 60 wala 63. Macho yanaiona ile 3 moja kwa moja. Dereva wa gari la pili akiweza kubadilisha kasi ya taa yake kidogo tu, kukutana kwao kutabadilika sana. Kutoka 63 hadi 66 ni ongezeko dogo, lakini kukutana kumeruka kutoka mara 3 hadi mara 6.

Ndani ya theremini zimo indiketa mbili za namna hiyo, ila ni saketi zinazotetema kwa kasi ya mawimbi ya redio. Tuseme ya kwanza inatetema mara 300,000 kwa sekunde na haibadiliki. Ya pili imeunganishwa na antena ya noti, kwa hiyo mkono ukisogea inapungua hadi 299,560. Sikio halisikii hata moja kati ya hizo, maana ukomo wa sikio la binadamu ni kama 20,000. Lakini tofauti yake ni 440, na 440 ndiyo noti ya La ambayo bendi nyingi duniani hulinganishia ala zao. Saketi ya tatu inazichanganya mbili za kwanza, inaitoa ile tofauti na kuipeleka kwenye spika. Wale waliolelewa na redio ya masafa mafupi wameshausikia mlio wa jinsi hii: ule mluzi unaopenya usiku pale stesheni mbili zinapokaribiana kupita kiasi. Ni tofauti ya mawimbi mawili inayojifanya sauti. Termen aliugeuza mluzi huo kuwa wimbo.

Ziangalie tena tarakimu hizo, kwa sababu kila kitu kuhusu kuiweka theremini kimejificha humo. Kutoka kimya kabisa hadi noti ya La ni badiliko la sehemu moja na nusu tu kwa elfu. Ala inayojali badiliko dogo kiasi hicho haiwezi kuujali mkono wako peke yake. Itakijali kiti chako, dirisha, mgeni aliyeingia, hata namna ulivyoegemea mguu mmoja. Haina njia ya kujua kipi ni kidole cha mwanamuziki na kipi ni mlango wa chuma unaofunguka. Kwake vyote ni sahani ya pili ya kapasita.

Kabla ya kufika kwenye bisibisi, niondoe dhana chache zinazorudi kila mara.

Haina miale ya kuunguza. Kinachotoka kwenye antena ni uga wa umeme ulio dhaifu mno, na ukiigusa antena ya ala iliyotengenezwa vizuri hurushwi na umeme. Noti inaruka juu au inakatika, basi. Wala haifanyi kazi kwa joto la mwili. Sogeza kijiko kikubwa cha chuma ulichokishika, hata kiwe kimetoka kwenye maji ya barafu, na sauti itapanda kama mkono wako umerefuka. Wala si kamera au mwanga. Zima taa zote, inalia vile vile. Weka ubao mkavu kati ya mkono na antena, bado inakuhisi. Vifaa vya kuchezea vinavyohisi kivuli au vinavyopima umbali kwa sauti ya mwangwi huuzwa wakati mwingine kwa jina la theremini. Ni vitu vizuri kwa mtoto anayejifunza elektroniki, lakini ni kitu kingine. Zipo pia zenye antena moja tu, ya noti, zisizo na kitanzi. Ukinunua hiyo, ujue kwamba kila noti itaburuzwa hadi noti inayofuata, kwa sababu hakuna mkono wa kuikata sauti.

Kuna na hadithi ya ujasusi, ambayo watu huichanganya na ala. Termen alirudi Urusi ya Kisovieti mwaka 1938, akafungwa, akapelekwa kwenye kambi za wafungwa za Kolyma, kisha akafanyishwa kazi kwenye maabara ya wafungwa. Kutoka huko kilizaliwa kinasa sauti kilichofichwa ndani ya nembo ya mbao ambayo balozi wa Marekani mjini Moscow alizawadiwa mwaka 1945. Ilining'inia kwenye makazi ya balozi hadi ilipogunduliwa mwaka 1952. Hakikuwa na betri. Kilikuwa na utando mwembamba uliotikiswa na sauti za watu, na kutikisika kwake kukabadilisha kapasitansi. Unaiona akili ni ile ile. Ala na kinasa sauti ni vitu viwili tofauti, lakini mtu ni mmoja na wazo ni moja.

Dhana yenye madhara zaidi ni ile iliyoenezwa na wauzaji wenyewe. RCA iliitangaza theremini kama ala ambayo yeyote anayeweza kuimba au kupiga mluzi ataimudu. Si kweli. Kwenye udi hakuna vigawanyo vya noti, lakini kuna shingo ya mbao ambayo kidole kinaizoea. Kwenye fidla kuna waya. Hapa hakuna kitu. Sikio linasikia kosa, mkono unarekebisha, na hilo linafanyika mara nyingi ndani ya kila noti. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maandalizi lengo lake ni moja: kulipunguzia sikio kazi.

Haya, tuiweke.

Chagua mahali kwanza, boksi bado limefungwa. Unataka mita moja na nusu ya uwazi kila upande, hasa upande wa ufito. Mbali na friji, kabati la chuma, geti, nondo za dirisha. Hapa pana jambo ambalo wengi hawaambiwi: chuma kilichotulia hakina ubaya mkubwa. Ukishaiweka ala na kuilinganisha, chuma hicho kimeingia kwenye hesabu. Kikiwa karibu sana kitabana nafasi ya noti, lakini kitakuwa kile kile leo na kesho. Kinachoharibu ni kinachosogea. Pazia linalopepea karibu na ufito, pangaboi lililoshuka chini kwenye dari fupi, mtoto anayekatiza. Ukilazimika kuchagua kati ya ukuta usiosogea na njia ya watu, nenda kwenye ukuta.

Usiiweke mezani. Theremini nyingi za mbao zina kitako chenye nyuzi za skrubu chini, cha kufungia kwenye stendi ya maikrofoni. Tumia stendi nzito, yenye kitako cha duara au miguu mitatu iliyotanuka, kwa sababu stendi inayoyumba inayumbisha noti. Watu huuliza kama stendi ya chuma haitaharibu. Haiharibu, kwa sababu ile niliyokwisha kuisema: haisogei. Ipandishe hadi sanduku liwe karibu na usawa wa kiwiko chako ukiwa umesimama wima.

Antena hufungwa kwa nati. Ufito unasimama wima upande wa kulia, kitanzi kinalala upande wa kushoto. Kaza kwa vidole, kisha robo ya mzunguko kwa spana ndogo, huku mkono mwingine ukiishika antena isizunguke. Ikilegea, utasikia mikwaruzo na noti zitaruka bila sababu. Ikikazwa kwa hasira, nyuzi za shaba zinaliwa, na hapo umejitafutia safari ya kwa fundi.

Waya wa sauti unaopeleka sauti kwenye amplifaya uushushe sambamba na stendi, na uuvute nyuma, mbali na ufito. Waya unaoning'inia kulia ni sahani nyingine inayobembea. Amplifaya iwe nyuma yako, kiasi cha mita moja, imeinuliwa ikiwezekana hadi usawa wa kichwa, maana unahitaji kujisikia kabla hadhira haijakusikia. Amplifaya ya gitaa au ya kinanda inafaa. Spika ndogo ya simu haifai kwa kujifunzia. Noti nene zinapotea, na wewe unabaki unapapasa usichokisikia.

Sasa ethi. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu katika nyumba zetu ndipo theremini nyingi zinapougulia. Nilisema mwili wako ni sahani ya pili ya kapasita. Sahani hiyo na saketi lazima zikutane mahali fulani ili umeme upate njia ya kurudi, na mahali penyewe ni ardhi. Kwa kawaida ala yenyewe haina waya wa kwenda ardhini. Inaazima wa amplifaya, kupitia ule waya wa sauti. Kama amplifaya imechomekwa kwenye soketi ya pini tatu yenye ethi ya kweli, ala inatulia kama maji ya mtungini. Kama unatumia spika ya betri, au kiunganishi cha bei rahisi ambacho pini yake ya tatu ni ya plastiki, au nyumba ambayo soketi zina tundu la ethi lakini nyuma yake hakuna waya, basi noti zinaelea, na ukigusa chuma cha amplifaya zinaruka. Kuelea huko wengi hukuita ubovu wa ala. Dawa yake ni fundi umeme aliyesajiliwa aje apime ethi ya nyumba. Usijaribu kujichomekea waya mwenyewe kwenye soketi. Na tumia adapta iliyokuja na ala: baadhi ya theremini hutumia adapta inayotoa AC, yaani umeme unaogeuzageuza mwelekeo, na adapta nyingine yenye mdomo unaofanana inaweza kutoa DC, umeme wa mwelekeo mmoja.

Punguza sauti ya amplifaya, washa ala, kisha subiri. Dakika kumi zinatosha. Saketi zikiwa baridi zinatambaa polepole, na ukilinganisha mapema utajikuta unalinganisha tena kila wimbo.

Simama. Ufito ulingane na bega lako la kulia, wewe ukiwa nyuma kidogo, kiasi kwamba mkono unaufikia bila kunyoosha kiwiko chote. Miguu iachane kidogo, magoti yasikakamae. Kuanzia hapa mwili wako ni sehemu ya saketi, na kila utakachokilinganisha kitahesabu kwamba tumbo lako, kichwa chako na viatu vyako viko pale vilipo. Ndiyo maana mtu akikulinganishia yeye kisha akakukabidhi, haikubali. Amelinganisha mwili wake.

Kitufe cha kuzungusha cha noti ndicho kinachoamua pale saketi mbili zinapolingana na kuwa sawasawa. Hapo tofauti ni sifuri, na sifuri ni kimya. Unataka sifuri hiyo iwe kwenye bega lako: ukirudisha mkono wa kulia begani, sauti inashuka hadi kuguruma, kisha inazama. Ukiupeleka mkono mbele, inapanda. Zungusha kitufe taratibu hadi upate hivyo. Ukiona kinyume chake, yaani unarudisha mkono nyuma na sauti badala ya kushuka inapanda, umevuka sifuri ukaingia upande wa pili. Ni kama zile indiketa: 57 na 60 nazo zinakutana mara 3. Sikio haliwezi kutofautisha, mkono ndio unaotofautisha. Rudisha kitufe, pitia tena kimya, utoke upande sahihi.

Kisha jaribio la oktava. Oktava ni umbali wa kutoka Do moja hadi Do inayofuata. Weka mkono uliofumbwa hewani mahali ambapo utapiga zaidi, sikiliza noti. Bila kusogeza kiwiko, fumbua vidole polepole kuuelekea ufito hadi vinyooke. Sauti ikipanda oktava moja kamili, umefika. Ikipita oktava, noti zimebanana mno, ikipungukiwa, zimetawanyika. Gusa kitufe cha noti kwa unywele, jaribu tena. Inachosha, na usiiruke. Clara Rockmore, aliyezaliwa Vilnius mwaka 1911 na kuacha fidla kwa sababu ya maradhi ya mkono, ndiye aliyeonyesha kwamba vidole hewani vinaweza kuwa na mahali pake maalumu kama kwenye waya, na Termen akamtengenezea ala yenye oktava tano na inayoitika haraka zaidi. Mjerumani Carolina Eyck ameupeleka mtindo huo mbele kwa kuigawa oktava katika mikao minane ya vidole. Yote hayo yanawezekana tu pale ambapo mkono uliofumbuka unatua palepale kila mara.

Kitanzi sasa. Wengi wanadhani kimeunganishwa kinyume, kwa kuwa kusogea kunazima badala ya kuwasha. Kuna sababu nzuri. Kushusha mkono ni haraka kuliko kuunyanyua, na mwanamuziki anahitaji kukata sauti papo hapo ili noti mbili zisiburuzane. Zungusha kitufe cha nguvu ya sauti hadi kiganja kikiwa karibu kabisa na kitanzi pawe kimya, na kikiwa juu yake kwa kiasi cha sentimita 20 sauti iwe imejaa. Ujue pia kwamba ukiondoka na kuiacha imewashwa, hakuna mkono kwenye kitanzi, kwa hiyo inalia kwa nguvu zote. Zima amplifaya kwanza, ndipo utoke.

Kama uliinunua kwa vipande ili uiunge mwenyewe, uko kwenye njia nzuri. Robert Moog, aliyekuja kujulikana kwa sinthesaiza zake, yaani vinanda vinavyotengeneza sauti kwa umeme, aliunga theremini yake ya kwanza akiwa na miaka 14, na baadaye aliuza seti za kuunga theremini kabla ya kuuza sinthesaiza. Nina nyongeza moja tu: koili zilizo ndani, yaani vile vizingo vya waya, hulinganishwa kwa bisibisi ya plastiki. Ya chuma inabadilisha koili ikiwa imeingizwa, kisha ukiitoa kila kitu kinahama, na utakesha.

Nirudi kwa yule rafiki. Tuliihamishia ala katikati ya chumba, juu ya stendi ya maikrofoni ya bendi yao. Tuligundua kiunganishi chake kilikuwa na pini ya plastiki, tukakitupa, tukachomeka amplifaya moja kwa moja ukutani. Watu tukawapeleka ukumbini. Tukanywa chai, ala ikipata moto. Aliposimama, alichukua karibu nusu saa kwenye kitufe cha noti, anafumba, anafumbua, anatikisa kichwa, anafumba. Halafu mara moja ikatua. Do, Do. Akarudia, ikatua tena. Kisha akaanza kutafuta mwanzo wa wimbo mmoja wa taarabu, polepole, akiteleza kati ya noti kama anavyoteleza kwenye fidla, na katikati ya mstari mama yake akafungua mlango kuuliza kama tutakula. Noti ilipinda, kidogo tu, ikarudi alipoufunga.

Kesho yake alinitumia picha ya sakafu. Vipande vitano vya solotepu: vitatu vinaonyesha miguu ya stendi inakaa wapi, viwili vinaonyesha miguu yake. Na kwenye mlango, kwa nje, karatasi yenye kalamu nyekundu: HODI KWANZA.